Benchi la Wasikilizaji

Shangazi alinipigia simu nikiwa nafunga kamba za viatu. Alianza bila salamu, kama anavyofanya kila akiwa na hoja.

"Mpimaji anataka jibu leo."

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Leo, nimesema. Si kesho, wala si baada ya kufikiri. Amengoja kiungwana, na uungwana nao una mwisho wake."

"Nitakupa jibu jioni."

"Kwa nini si sasa hivi? Mdomo si unao?"

"Nina usaili."

"Usaili? Umeacha kazi ya mahakamani?"

"Sijaacha. Ni usaili wa darasa. La uigizaji."

Nilisikia kijiko kikigonga sufuria huko aliko, kisha kikatulia.

"Hebu nieleweshe, mwanangu. Watu husailiwa ili waje walipwe. Wewe unasailiwa ili ukalipe?"

"Ndiyo."

"Na ukishindwa?"

"Sitalipa."

"Basi nakuombea ushindwe. Jioni nataka neno moja tu, ndiyo au hapana. Usinitafsirie."

Mpimaji hakuwa mtu mbaya. Katika hadithi za aina hii, mchumba anayeletwa na shangazi aghalabu huwa mlevi, mwongo, au ana mke mwingine mji wa pili. Huyu alikuwa mpima ardhi nadhifu, aliyeweka vigingi pale vinapostahili na hakugombana na jirani wa mtu yeyote. Alipokuja nyumbani aliketi wima na kuisifu sauti yangu. Sikuwa na kosa lake la kutaja. Nilikuwa na sababu moja tu ya kumkataa, na sababu hiyo ilikuwa haijathibitishwa. Ilikuwa mwanamume ambaye pale studio kila mtu alimwita Msomaji.

Mimi ni mkalimani wa mahakama. Shahidi akisema "nilimpiga", nami nasema "nilimpiga", kwa nafsi ile ile, bila kutia chumvi. Nimekiri wizi, nimekiri uzinzi, na mara moja nimekiri mauaji, yote kabla ya chakula cha mchana. Kanuni za kazi ni chache. Usiongeze, usipunguze. Usimtazame msemaji usoni, usije ukamhurumia. Usiposikia vizuri, usikisie; omba arudie. Na unapoomba husemi "mimi", kwa kuwa "mimi" ni ya shahidi. Unasema: "Mkalimani anaomba shahidi arudie."

Baada ya miaka ya kukiri makosa ya wengine kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya saruji, nilitaka kujua kama ninayo sauti nyingine. Ndivyo nilivyofika studio.

Studio ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la magodoro, katika chumba kilichokuwa zamani karakana ya ushonaji. Mashimo ya skrubu za vyerehani yalikuwa bado sakafuni. Kioo kikubwa cha ukutani kilifunikwa shuka, kwa sababu Mwalimu hakutaka mtu ajitazame akilia. Mwalimu alikuwa mwanamke mfupi mwenye viatu vya raba na miwani yenye mnyororo, na hakumpokea mtu moja kwa moja. Kwanza ulihudhuria kama msikilizaji. Uliketi kwenye benchi la nyuma, ukatazama darasa mwanzo hadi mwisho. Hupigi makofi, huulizi swali, na ukiweza hukohoi. Juu ya benchi palibandikwa karatasi: MSIKILIZAJI HANA MDOMO. Ukishaketi pale jioni za kutosha na bado unataka, ndipo unaitwa kwenye usaili.

Jioni yangu ya kwanza nilivunja kanuni bila kujua. Waigizaji wawili walikuwa wakigombania nyumba ya urithi, nami nikawa nawatafsiri kwa kunong'ona, sentensi kwa sentensi, kana kwamba hakimu ananingoja. Msomaji alikuwa ameketi karibu na mlango. Darasa lilipoisha alinijia.

"Yule kaka aliposema 'chukueni vyote', wewe ulisemaje?"

"Nilisema chukueni vyote."

"Kwa lugha yako, ingawa siijui, iliuma zaidi."

"Sikuongeza kitu."

"Ndicho kinachonishangaza." Akanyoosha kidole gumba kuelekea ile karatasi. "Ila hapa huna mdomo, dada."

Alisema hayo kwa sauti isiyokuwa na chochote ndani yake. Ilikuwa sauti ya kazi. Katika kila usaili yeye ndiye aliyesoma maneno ya upande wa pili, na Mwalimu alikuwa na kanuni moja kuhusu kiti hicho: msomaji hampi mtu kitu. Anayesailiwa aje na kuni zake mwenyewe. Kwa hiyo Msomaji alisoma ugomvi, posa na msiba kwa namna moja, kama mtu anayesoma maelezo ya dawa kwenye chupa, na kila mtu alipata kipimo sawa.

Tulianza kunywa chai pamoja baada ya darasa, kwenye kibanda kilichotazamana na duka la magodoro. Huko ndiko alikonieleza kwamba hakuzaliwa hivyo.

"Nilikuwa mwanafunzi," alisema. "Mwalimu akasema natoa sana. Nikiambiwa nihuzunike, wauza magodoro huko chini wanaanza kunipa pole. Akaniweka kwenye kiti. Akasema, siku nitakayosoma usaili mzima bila kumpa mtu kitu, atanirudisha ulingoni."

"Umebakiza nini?"

"Muhula uliopita nilibakiza mtu mmoja. Alikuwa mzee, akasahau maneno, nikamsaidia kwa macho. Mwalimu aliona."

"Na sasa?"

"Sasa kuna usaili huu."

"Mimi nimo katika usaili huu."

"Najua."

"Basi usinipe kitu."

"Sina mpango huo," akasema, akanisogezea sukari.

Hapo ndipo palipokuwa na tatizo langu. Kazi yangu imenifundisha kusikia. Nasikia shahidi anapoanza kudanganya kabla wakili wake hajajua. Lakini yeye alisema "karibu chai" na "nenda salama" na "gauni hilo limekupendeza" kwa kipimo kile kile cha chupa ya dawa, nami nilishindwa kabisa kujua kama kuna mtu nyuma ya sauti. Sikutaka kumkataa Mpimaji kwa ajili ya kikombe cha chai. Nilitaka ushahidi.

*

Tulioitwa siku ile tulikaa kwenye korido, kila mmoja na karatasi yake. Onyesho lilikuwa moja kwa wote: mume anaondoka, mke anampangia nguo kwenye sanduku. Wanawake walisailiwa kama mke, wanaume kama mume, na Msomaji akasoma upande uliobaki. Mlango ulikuwa mwembamba. Tulisikia kila kitu.

Pembeni yangu aliketi kinyozi mmoja mnene, mwenye harufu ya poda.

"Nimeshika vichwa vya watu wa kila namna," akaninong'oneza. "Wenye vidonda, wenye vyeo. Sijawahi kuogopa kichwa. Leo naogopa changu."

"Utaweza."

"Wewe huogopi? Umekaa kama umekuja kulipia umeme."

"Naogopa."

"Mwambie uso wako, basi, maana haujapata habari."

Akaitwa. Nilisikia sauti yake nene ikitetemeka, kisha ile sauti bapa ikimjibu maneno ya mke. Alipotoka alikuwa akifuta jasho kwa leso.

"Vipi?"

"Nimemwacha mke mwenye ndevu," akasema, "na hakujali hata kidogo. Hata mbwa wa jirani angeuliza naenda wapi."

Baada yake waliingia wanawake wawili, mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja alifika kwenye sentensi ya mume iliyo katikati ya ukurasa: "Usinisubiri." Niliisikia ikisomwa mara mbili kupitia ule mlango. Haikupanda wala kushuka. Ningeweza kuapa mahakamani kwamba ni sentensi moja iliyorekodiwa na kupigwa tena.

Kisha nikaitwa mimi.

Mwalimu alikuwa ameketi nyuma ya meza, miwani kifuani. Katikati ya sakafu palikuwa na meza ndogo, sanduku lililokatika mpini, mashati mawili na koti la kijivu. Msomaji alikuwa kwenye kiti chake, karatasi mapajani. Hakuniangalia. Hiyo nayo ilikuwa kanuni.

"Unafanya kazi gani?" akauliza Mwalimu.

"Mkalimani wa mahakama."

"Basi umezoea kusimama mbele ya watu."

"Nimezoea kusimama pembeni yao."

Alivaa miwani kunitazama, akaivua. "Anza ukiwa tayari."

Nilichukua shati la kwanza, nikalikunja.

"Usiweke koti," alisoma Msomaji. "Huko hakuna baridi."

"Hujawahi kufika huko. Umejuaje?"

"Nimeambiwa."

"Na nani?"

Hapo ndipo ilipokuwa ile sentensi. Nilikuwa na koti mikononi na macho yangu yalikuwa kwenye kola ya koti hilo, kwa sababu mkalimani hamtazami msemaji. Nilikuwa nasikiliza tu. Niliisikia pumzi ikivutwa, ikakwama, kisha neno likaja limechelewa, na katikati yake pakiwa na ufa.

"Usinisubiri."

Ilikuwa sentensi ile ile. Haikuwa ile ile hata kidogo.

Nilipaswa kuendelea. Maneno yangu yalikuwa hayo chini: "Nani kasema nitakusubiri? Nataka kujua tu kama koti liingie." Niliyajua kwa moyo. Lakini nilikuwa nimesikia kitu nisichokuwa na hakika nacho, na nimefundishwa jambo moja tu la kufanya nikiwa hivyo. Mdomo wangu ulifunguka wenyewe, kwa sauti ya mahakamani, kavu na yenye adabu:

"Mkalimani anaomba shahidi arudie."

Huko korido nilisikia kinyozi akikohoa kama mtu aliyepaliwa na kicheko.

Mwalimu alikuwa ameinua kichwa akimtazama Msomaji. Nadhani alitaka kuona atafanya nini. Angeweza kuisoma tena, bapa kabisa, na mambo yakaisha. Mimi ningeonekana mjinga, naye angerudi ulingoni.

Aliinamia karatasi. Kidole chake kilikuwa kwenye mstari. Kisha akaiweka karatasi sakafuni, akaniangalia.

"Nisubiri," akasema.

"Hilo halimo," akasema Mwalimu.

"Najua, Mwalimu."

"Umekaa kwenye kiti hicho muda mrefu na hujawahi kubadilisha hata nukta."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Pumzi yako niliisikia. Pumzi nilikuwa nimeamua kuisamehe. Mtu si mashine. Neno siwezi." Aligeukia kwangu. "Na wewe. Ungeendelea na mstari wako, asingejua mtu."

"Ulijua wewe."

"Mimi nilikuwa nimeshasamehe. Hukunisikia?"

Nilikuwa natazama kola ya koti. Ni mimi niliyemwomba arudie. Nilikuwa nimetaka ushahidi, na shahidi alikuwa ametoa ushahidi wake mbele ya mtu ambaye hakupaswa kuusikia kabisa.

"Kosa lake ni la moyo," Mwalimu akasema. "Lako ni la kazi. Yote mawili yameharibu usaili. Msomaji, toka nje. Acha karatasi."

Msomaji alisimama. Alipopita karibu yangu alisema kwa chini, "Samahani, dada," na mara hii sauti yake haikuwa ya chupa ya dawa. Mlango ukafungwa polepole. Hata wakati huo alikumbuka kutoubamiza.

"Sasa uamuzi ni wako," akasema Mwalimu. "Unaweza kumfuata. Wengi wangemfuata, na sitakulaumu, ila nafasi yako itakwenda kwa mwingine. Au unaweza kufanya onyesho tena, nami nikusomee. Mimi ni mbaya kuliko yeye. Mimi sipumui."

Nilifikiri. Watu hudhani jambo kama hilo huamuliwa na moyo ukidunda. Wangu ulidunda, lakini haukuniambia chochote cha maana. Nilichojua ni kwamba nikimfuata sasa, atakuwa amepoteza chake bure na mimi nitakuwa nimepoteza changu, na tutakuwa watu wawili kwenye ngazi wanaoombana radhi. Shangazi angesema: maji yakishamwagika, ya nini wote wawili kulowa?

"Nisomee," nikasema.

Mwalimu alihamia kwenye kiti cha Msomaji na kuokota karatasi.

"Jambo moja kabla hujaanza. Unaangalia sakafu. Sakafu haiendi popote, haihitaji kuagwa. Anayeondoka yuko hapa. Inua macho."

Nilichukua shati.

"Usiweke koti. Huko hakuna baridi."

Alikuwa amesema kweli. Yeye alikuwa mbaya zaidi. Maneno yalitoka kwake kama chenji kutoka kwa mtu aliyechoka.

"Hujawahi kufika huko. Umejuaje?"

"Nimeambiwa."

"Na nani?"

"Usinisubiri."

Niliinua macho. Aliyekuwa pale ni mwanamke mfupi mwenye miwani, na nyuma yake palikuwa na mlango uliofungwa polepole. Nilimtazama yeye, kisha nikautazama mlango.

"Nani kasema nitakusubiri?" nikasema. "Nataka kujua tu kama koti liingie."

Sitasema nililia, kwa sababu sikulia. Lakini mimi ni mtu anayekunja nguo vizuri. Shangazi alinifundisha kwa rula. Koti lile nililikunja nikalikunjua. Nikalikunja tena, mkono mmoja ukabaki nje. Nikaurudisha mkono ndani, ukatoka. Mwalimu alingoja. Mwishowe nililiweka sandukuni hivyo hivyo, mkono ukining'inia, nikajaribu kufunga na kufuli halikushika.

"Asante," akasema Mwalimu.

Ndilo neno lake la kumalizia kila usaili. Alirudi nyuma ya meza, akajaza kitu kwenye daftari lake bila haraka.

"Maneno umeyasema kama mkalimani. Hayo tutayarekebisha. Koti umelikunja kama mtu asiyetaka kumaliza, na hilo sifundishi, sijui linafundishwaje. Darasa linaanza Jumatatu. Njoo na viatu visivyopiga kelele."

"Asante, Mwalimu." Nilisimama pale. "Na yeye?"

"Yeye nani?"

"Msomaji."

"Si msomaji tena. Hawezi kiti, amenionyesha." Alifunga daftari. "Na ulingoni simrudishi, bado anatoa sana. Mwambie atarudi kwenye benchi. Muhula mzima. Anajua kilichoandikwa juu yake."

*

Alikuwa ameketi kwenye ngazi, kati ya ghorofa ya kwanza na ya pili. Kinyozi alikuwa amesimama pembeni yake akimpa pole, mkono begani.

"Huyu hapa," kinyozi akasema aliponiona. "Mimi naondoka. Ila bwana, kama una roho hiyo, mimi ungeninyima vipi hata tone? Nimemwacha mke wangu mle ndani kama nimeacha mwavuli." Akashuka akicheka peke yake.

Niliketi ngazi moja juu yake.

"Umepata?" akauliza.

"Jumatatu."

"Vizuri." Alimaanisha. Nilimwangalia usoni ili niwe na hakika, kitu ambacho sikuwa nimezoea, na alimaanisha. "Na mimi nimefukuzwa."

"Hujafukuzwa. Umepewa benchi. Muhula mzima."

Alicheka kidogo, akauma mdomo. "Kwa hiyo wewe utakuwa ulingoni, na mimi nitakuwa nyuma, sina mdomo."

"Ndivyo alivyosema."

"Ningekuwa na akili ningeirudia ile sentensi kama ilivyo."

"Kwa nini hukurudia?"

"Ulisema shahidi arudie. Shahidi haapi kusema kilichoandikwa. Anaapa kusema kweli." Alitazama mikono yake. "Nimesoma maneno ya wanaume wanaoondoka mpaka nimechoka. Sijui kama siku moja nitasoma ya mwanamume anayebaki."

"Nilikuponza."

"Uliponza usaili. Mimi nilijiponza mwenyewe, tena mapema. Tangu jioni ile ya urithi."

"Mbona hukusema? Tumekunywa chai yote ile."

"Nilisema. Nilikuambia gauni limekupendeza."

"Ulisema kama unasoma tarehe ya kuisha kwa dawa!"

"Nilikuwa mazoezini!"

Tulikuwa tumeanza kupandisha sauti. Kutoka chini wabebaji wawili wa duka la magodoro walikuwa wanapandisha godoro kwenye ghala lao, limepinda katikati kama mtu aliyezimia.

"Njia, njia!" akaita wa mbele. "Bwana na bibi harusi, tunaomba njia!"

"Si maharusi," nikasema.

"Basi fanyeni haraka, godoro ndilo hili."

Tulisimama, tukajibana ukutani. Godoro lilipita likitusukuma pamoja, na kwa kitambo kirefu kuliko ilivyohitajika bega langu lilikuwa kwenye kifua chake. Niliisikia pumzi ile ile niliyoisikia mle ndani, ikavutwa, ikakwama. Godoro lilishapita. Hakusogea. Mimi pia sikusogea.

Simu ikalia mkobani.

"Ni shangazi," nikasema. "Nisipopokea atakuja."

"Pokea."

"Haya, jioni imefika," shangazi akasema. "Umeshindwa?"

"Nimefaulu."

"Basi pole. Sasa nipe neno. Mpimaji yuko hapa sebuleni, nimemwekea maji ya kunywa, anayatazama tu. Nimwambieje?"

Msomaji hakujua shangazi anasema nini. Alikuwa karibu yangu, mgongo ukutani, na alikuwa amefanya uamuzi wake. Alisema, bila pambo lolote, tena kwa sauti bapa kabisa, kana kwamba amerudi kwenye kiti:

"Nakupenda. Sijui kulisoma vizuri, lakini ndivyo lilivyo."

Simu ilikuwa sikioni. Mtu alikuwa amesema jambo pembeni yangu, na mtu mwingine alikuwa akingoja kusikia. Sikupata nafasi ya kufikiri.

"Nakupenda," nikasema kwenye simu. "Sijui kulisoma vizuri, lakini ndivyo lilivyo."

"Unanipenda mimi," shangazi akauliza taratibu, "au unampenda Mpimaji? Maana yuko hapa, nitampa simu."

"Usimpe! Si mimi, shangazi. Kuna mtu hapa amesema. Nimetafsiri tu."

"Nilikuambia usinitafsirie. Mtu gani?"

"Msomaji."

"Msomaji! Anasoma chuo gani, mtu mzima?"

"Hasomi tena. Ameachishwa leo."

"Ee Mola wangu." Niliusikia mlango ukifungwa huko kwake, alikuwa ametoka sebuleni ili Mpimaji asisikie. Sauti yake iliposhuka ikawa sauti aliyokuwa akinilaza nayo nilipokuwa mdogo. "Nisikilize. Maneno ya huyo mwanamume nimeyapata, asante. Sasa nataka ya kwako. Miaka yote hii nakuuliza unataka nini, wewe unaniambia watu wamesema nini. Wewe je?"

Nilitazama ngazi kwa mazoea. Ilikuwa ngazi ya saruji, pembe moja imemeguka. Haikuwa inaenda popote. Kwa hiyo niliinua macho, na yeye alikuwa pale pale, nywele zake zina mavumbi ya godoro, akingoja kama watu wanavyongoja hukumu.

"Mwambie Mpimaji hapana," nikasema. "Mwambie kwa heshima, kwa sababu anastahili. Na hayo ni maneno yangu, shangazi. Sijamtafsiri mtu."

Nilikata simu kabla hajauliza la pili.

"Amesemaje?" akauliza Msomaji.

"Ameuliza mimi nasemaje."

"Na wewe unasemaje?"

Nilimpangusa mavumbi kwenye nywele. Ilichukua muda, kwa sababu mkono wangu haukutaka kumaliza.

"Mpaka Jumatatu bado una mdomo," nikamwambia. "Rudia."